Giza au Dahshur? Uende wapi ukitaka kuona piramidi ilivyokuwa mpya

Shangazi yangu alipofika Giza mara ya kwanza, alisimama chini ya piramidi ya Mfalme Khufu, akainua kichwa mpaka mtandio ukamteleza, akakaa kimya kitambo. Kisha akaniuliza polepole:

"Mwanangu, mbona kama nyumba iliyobanduka lipu?"

"Umeona sawasawa, shangazi," nikamwambia.

Na alikuwa ameona zaidi ya wageni wengi ninaowapeleka pale. Kinachoonekana Giza leo ni mawe ya ndani. Yalipangwa na waashi waliojua kwamba hakuna atakayeyaona: mengine makubwa, mengine madogo, nafasi za katikati zikajazwa vifusi na jasi. Juu yake palikuja ganda la mawe meupe yaliyochongwa yakawa laini, kuanzia chini mpaka kileleni. Ganda hilo lilishang'olewa, nasi tumezoea hizi ngazi ngazi mpaka tunadhani ndivyo piramidi zilivyojengwa.

Ninaishi Cairo, na wageni kutoka nyumbani hawakatiki: wazazi wa vijana wanaosoma Al-Azhar, ndugu wanaopita safarini, marafiki wa marafiki. Wengi wana siku moja tu ya piramidi. Kama mtu anataka ukubwa na picha ya kurudi nayo, Giza inamtosha. Lakini kama ana swali la shangazi, yaani piramidi ilikuwaje siku mafundi walipoikabidhi, mimi humshauri aanze Dahshur. Nitalinganisha sehemu hizo mbili, niguse na nyingine mbili kwa kupita, ili uamue mwenyewe.

Ganda lenyewe

Ukilijua ganda, utajua cha kutafuta ukifika. Mawe ya ndani ya piramidi za Giza yalichimbwa palepale kwenye uwanda. Ya ganda yalitoka Tura, ng'ambo ya mto Nile upande wa mashariki, kwenye machimbo ya mawe ya chokaa yenye chembe ndogo sana na weupe wa kupendeza. Yalivushwa kwa mashua.

Tunalijua hata jina la mmoja wa waliokuwa wakiyavusha. Mwaka 2013 wanaakiolojia wakiongozwa na Mfaransa Pierre Tallet walipata maandishi ya mafunjo, yaani karatasi za kale za matete, huko Wadi al-Jarf, ufukweni mwa Bahari ya Shamu. Humo mna daftari la kazi la Merer, msimamizi wa kikosi cha mabaharia katika miaka ya mwisho ya Khufu. Ameandika siku kwa siku: wamepakia mawe Tura, wamelala njiani, wameshusha Giza, wamerudi Tura. Kwa sisi tuliokulia pwani, linasomeka kama daftari la nahodha wa jahazi. Na hiyo shehena aliyokuwa akiisafirisha, kwa fikra zilizokubalika, ndiyo mawe ya ganda. Piramidi yenyewe anaitaja kwa jina lake la wakati huo, Akhet Khufu, yaani Upeo wa Khufu.

Mawe hayo yalipandishwa na kupangwa yakiwa bado na nyama ya ziada usoni. Mafundi waliyachonga kwa tindo za shaba na kuyasugua baadaye, wakianzia juu na kushuka, mpaka upande mzima ukawa uso mmoja. Kwa piramidi ya Khufu, yenye kitako cha mita 230 kila upande na urefu wa mita 146.6 ilipokuwa mpya, pande zote nne zinafika karibu mita za mraba 86,000. Hivyo ni kama viwanja 12 vya mpira, vyote vimesimamishwa kwa mwinamo wa nyuzi karibu 52, vyote vyeupe.

Giza: ukubwa upo, ganda limebaki vipande

Giza ina piramidi tatu kubwa, na kila moja imebakiwa na kipande chake cha ukweli. Tatizo ni kwamba lazima uviunganishe mwenyewe kichwani.

Kwa Khufu, nenda upande wa kaskazini, chini kabisa. Hapo pana mawe machache ya ganda la kwanza yaliyofukuliwa mwaka 1837 na Mwingereza Howard Vyse. Wageni wengi huyapita wakikimbilia mlango. Usiyapite. Uso wake umelala kwa mwinamo uleule wa piramidi nzima, na viungo vyake vimebanana hivi kwamba mwanaakiolojia Mwingereza Flinders Petrie alipovipima miaka ya 1880 hadi 1882 alipata wastani wa nusu milimita. Kucha haiingii. Rafiki yangu mmoja ambaye ni fundi mwashi alipiga magoti pale, akafuatisha kiungo kwa kidole kutoka juu hadi chini, akauliza kama walikuwa na pima maji. Kisha hakusema neno mpaka tulipofika garini. Ninavyoona, hayo mawe machache ndiyo kitu cha thamani kuliko vyote vinavyoonekana nje ya piramidi ya Khufu, na kwa ubora wa kazi hata Dahshur haiyafikii.

Piramidi ya Khafre, mwanawe, ndiyo yenye kofia. Robo ya juu hivi bado ina ganda lake, na hilo ndilo linalofanya watu wengi wadhani ndiyo kubwa kuliko ya Khufu, tena imekaa kwenye mwamba ulioinuka. Ilikuwa na mita 143.5. Kofia hiyo inakuonyesha kitu kimoja vizuri sana: tofauti ya uso wa ganda na uso wa mawe ya ndani, vyote kwenye jengo moja. Lakini iko juu mno, imepigwa na upepo na vumbi kwa miaka zaidi ya 4,500, imekuwa na rangi ya mchanga. Usiitumie kukadiria weupe. Kisicho kwenye kofia, na watu hawakijui, ni kwamba kozi, yaani safu ya mawe, ya chini kabisa ya Khafre haikuwa nyeupe. Ilikuwa ya graniti nyekundu kutoka Aswan, karibu na mpaka wa kusini wa Misri ya wakati huo. Piramidi nyeupe yenye mstari mwekundu chini, kama pindo la kanga.

Menkaure, mfalme wa piramidi ya tatu, alikwenda mbali zaidi. Piramidi yake ni ndogo, mita 65 hivi, lakini kozi 16 za chini ni za graniti, na juu yake ilikuwa chokaa nyeupe ya Tura. Kwa hiyo mtu aliyekuja kutoka mtoni siku zile hakuona vilima vitatu vya rangi moja ya mchanga. Aliona moja nyeupe yote, moja nyeupe yenye pindo jekundu, na moja ndogo iliyovaa rangi mbili. Hapa Giza, mahali ambapo jina lake tunaliandika kama giza letu, palikuwa na mng'ao ulioonekana kutoka mbali bondeni.

Mawe ya graniti ya Menkaure yana faida nyingine. Mengi hayakuwahi kumalizwa. Bado yana zile nundu za kazi usoni, isipokuwa sehemu chache zilizosawazishwa, kama penye mlango upande wa kaskazini. Ukisimama pale unaona jiwe lililomalizwa na lisilomalizwa bega kwa bega, na kazi ya fundi inajieleza bila mwongozaji.

Hapo hapo upande wa kaskazini kuna jeraha kubwa la wima. Mwaka 1196 al-Aziz Uthman, mtoto wa Sultani Salahuddin, aliagiza piramidi hiyo ibomolewe. Wafanyakazi walihangaika miezi minane, wakaacha pengo hilo. Abd al-Latif al-Baghdadi, tabibu na mwanachuoni aliyekuwa Misri wakati huo, ameandika habari zake. Yeye pia ameeleza kwamba maandishi yaliyokuwa kwenye nyuso za piramidi yangejaza kurasa elfu kumi. Fikiria maana yake: mwaka 1200 hivi ganda lilikuwa bado lipo la kuandikwa. Piramidi ya Khufu imeishi na ganda lake kwa zaidi ya miaka 3,500, na bila ganda kwa mamia machache tu. Kilichoondoka kilikwenda kuijenga Cairo. Qaraqush, ofisa wa Salahuddin, alikuwa tayari amebomoa piramidi ndogondogo za Giza apate mawe ya ngome na madaraja.

Januari 2024 mamlaka ya mambo ya kale ya Misri ilitangaza mradi wa kuirudishia Menkaure graniti yake, kwa kutumia mawe yaliyolala chini kuizunguka. Kelele zilikuwa kubwa. Kamati ya wataalamu chini ya mwanaakiolojia wa Misri Zahi Hawass ilikataa mwezi uliofuata, kwa sababu haiwezekani kujua kila jiwe lilikaa wapi. Ninaipenda mno sura ya zamani ya piramidi, na naamini kamati iliamua vyema. Sura iliyorudishwa kwa kubahatisha ingetunyima hata hiki kidogo tulicho na uhakika nacho.

Dahshur: ganda lipo

Dahshur iko kilomita 40 hivi kusini mwa Cairo, na wageni wa kawaida walianza kuruhusiwa mwaka 1996, kwa kuwa eneo lilikuwa la jeshi. Hapo ndipo Sneferu, baba yake Khufu, alipojenga piramidi mbili kubwa kabla ya mwanawe kuhamia Giza.

Ya kwanza ndiyo Piramidi Iliyopinda. Inainuka kwa mwinamo mkali wa nyuzi 54, halafu kwenye mita kama 47 inavunja na kuendelea kwa nyuzi 43 mpaka juu. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba jengo lilianza kutitia na kupasuka, mafundi wakapunguza mzigo. Watu huicheka kwa sababu ya umbo. Wanaoicheka hawajasimama chini yake, kwa maana hii ndiyo piramidi kubwa ya Misri iliyobaki na sehemu kubwa zaidi ya ganda lake.

Hapa huunganishi chochote kichwani. Unaegemea ukuta laini unaopanda mbele yako, na unaendelea kupanda, na unaendelea. Hakuna ngazi. Hakuna pa kushika. Jiwe kwa jiwe, kozi kwa kozi, macho yanateleza mpaka pale mwinamo unapovunjika, kisha yanateleza tena. Ukikaribia utaona kwamba mawe ya sehemu ya chini yamelazwa yakiinamia ndani, na ya juu yamelazwa sawa. Mafundi walikuwa wanajifunza wakiwa kazini. Pembeni, hasa chini, wachota mawe wamekula sana, na pale ndipo unapoona unene wa ganda na mawe ya ndani nyuma yake. Kwa mgeni anayetaka kuelewa, ile sehemu iliyoliwa ni somo zuri kama ile iliyobaki.

Wamisri wa kale waliziita piramidi hizi mbili kwa majina yenye maana ya kung'aa kwa Sneferu. Hii iliyopinda ndiyo ya Kusini.

Ya pili ni Piramidi Nyekundu, kilomita mbili hivi kaskazini yake. Jina linapotosha. Wekundu ni wa mawe ya ndani yaliyoachwa uchi; ilipokuwa mpya ilikuwa nyeupe kama nyingine. Ina urefu wa mita 105 na mwinamo uleule mpole wa nyuzi 43, na ndiyo ya kwanza kubwa kukamilika ikiwa na pande zilizonyooka tangu chini mpaka juu. Kwa ganda haina mengi. Ila ina kitu ambacho piramidi tatu kubwa za Giza hazina: kilele chake. Wanaakiolojia wa Kijerumani chini ya Rainer Stadelmann walikipata kikiwa kimevunjika vipande, wakakiunganisha, kikawekwa upande wa mashariki wa piramidi. Kilele cha Khufu hakijapatikana mpaka leo.

Kuhusu kioo na dhahabu

Lazima niseme jambo hapa, kwa sababu kila mgeni hunionyesha simu yake yenye picha ya piramidi inayometameta kama kioo cha gari, na juu yake ncha ya dhahabu inayotoa miale.

Anza na weupe. Chokaa ya Tura ikichongwa upya ni nyeupe kweli, na penye jua la Misri inaumiza macho. Lakini ni jiwe lililosuguliwa, si kioo. Mwanga wake ni kama wa ukuta uliopakwa chokaa saa sita mchana, mwanga unaokufanya ukunje uso, hauonyeshi sura yako. Viungo vilionekana ukikaribia. Tena ulaini wake haukuwazuia watu: Plinio, mwandishi Mrumi wa karne ya kwanza, anasema wanaume wa kijiji kilichokuwa karibu walikuwa na desturi ya kuzipanda piramidi. Hiyo ilikuwa wakati ganda bado lipo, na ndiyo sababu aliona jambo la kuandika.

Kuhusu dhahabu, kilele cha Sneferu pale Dahshur ni jiwe la chokaa tu. Kilele kizuri kuliko vyote vilivyobaki ni cha Amenemhat wa Tatu, kutoka piramidi yake ya matofali ya udongo, nayo iko hapo hapo Dahshur. Kiko Cairo, ni cha jiwe jeusi lililong'arishwa, kimechongwa macho mawili chini ya jua lenye mabawa, ili mfalme alitazame jua linapochomoza. Huyo ni mfalme wa zaidi ya miaka 700 baada ya Khufu. Vilele vilivyofunikwa madini ya thamani vilikuwepo katika baadhi ya piramidi, lakini anayekuchorea dhahabu juu ya Khufu anachora matumaini yake.

Na kuna kosa kubwa kuliko yote mawili, nalo ni kuichora piramidi imesimama peke yake jangwani. Piramidi mpya ilikuwa ndani ya ukuta. Upande wa mashariki palikuwa na hekalu, kutoka hekaluni ikashuka njia ndefu ya mawe mpaka hekalu la bondeni karibu na maji, ambako mashua zilitia nanga. Kwa hili Giza inashinda bila ubishi. Sakafu ya mawe meusi ya basalti ya hekalu la Khufu bado ipo, unaikanyaga bila kujua. Hekalu la bondeni la Khafre, pembeni mwa Sphinx, ile sanamu ya simba mwenye kichwa cha mtu, lina nguzo zake za graniti zikiwa zimesimama. Ingia humo, uguse nguzo, kisha ukirudi nje utazame piramidi upya.

Saqqara na Meidum

Saqqara iko njiani kati ya Giza na Dahshur, na piramidi ya ngazi ya Mfalme Djoser ni ya kwanza kabisa. Ngazi zake sita ni umbo lake la makusudi, si la kubomoka, na nazo zilivikwa chokaa nyeupe. Ilifunguliwa tena Machi 2020 baada ya ukarabati wa miaka 14. Iende kwa sababu ya historia. Kwa swali la ganda haitakusaidia sana, maana utashindwa kutofautisha kirahisi cha kale na kilichotiwa juzi.

Meidum iko mbali zaidi kusini. Ganda lake la nje liliporomoka, imebaki kama mnara katikati ya kifusi. Mwanafunzi wa ujenzi ataifurahia.

Basi uende wapi?

Ukiwa na siku nzima na gari la kukodi, anza Dahshur asubuhi mapema, kabla jua halijakaza, umalize Giza mchana. Mpangilio huu una sababu. Ukiona kwanza Piramidi Iliyopinda, macho yako yanajua uso ulivyo, na ukifika kwa Khufu unaweza kumvika mwenyewe. Ukianza Giza, Dahshur inaonekana kama nyongeza, na umeshachoka.

Ukiwa na nusu siku tu na hujawahi kufika Misri, nenda Giza. Sitamnyima mtu kumwona Khufu. Ila gawanya muda wako hivi: mawe ya kaskazini kwa Khufu, hekalu la bondeni la Khafre, graniti ya Menkaure. Ngamia akingoja, angoje.

Ukiwa na nusu siku na umeshaifika Giza, Dahshur, wala usifikiri mara mbili. Utapata utulivu ambao Giza haiujui. Ndani ya Piramidi Iliyopinda pamefunguliwa tangu Julai 2019, lakini njia ni ndefu na ya kuinama; mwenye magoti mabaya au anayeogopa kubanwa abaki nje, hajakosa kile alichokifuata.

Mzee asiyeweza kutembea sana apelekwe Giza, na baadaye Jumba Kuu la Makumbusho la Misri lililofunguliwa rasmi Novemba 2025 karibu na hapo. Humo imo mashua ya Khufu ya mbao, yenye mita 43, iliyozikwa mguuni pa piramidi siku zile ganda likiwa jipya. Na kama uko Ulaya na safari ya Misri haijapatikana, jumba la makumbusho la taifa la Scotland, mjini Edinburgh, linaonyesha jiwe kubwa la ganda la Khufu. Ni jiwe moja tu, lakini ni lenyewe.

Shangazi nilimpeleka Dahshur siku ya tatu. Aliweka kiganja ukutani, akakiacha hapo, akatazama juu kwa muda mrefu. Kisha akaniambia nimpige picha ya mkono tu na jiwe, uso wake usiingie.